Njia Mbili Zilimshinda Fisi: Historia Fupi ya Kugawa Mzigo wa Data Katika Njia za Hifadhi

Utangulizi

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Kisa chake twakijua sote. Fisi alisikia harufu ya nyama, akaifuata hadi njia panda, na hapo akashindwa kutambua nyama iko upande upi. Kwa tamaa yake akatia miguu huku na huku kwa pamoja, mwisho akapasuka msamba. Methali hii tumeifundisha kwa miaka mingi kama onyo kwa mtu mwenye pupa. Katika makala haya tunaichukulia kwa upande mwingine. Tunakusudia kueleza jinsi kompyuta zilivyofunzwa kutumia njia zaidi ya moja kuzifikia data zilizohifadhiwa, na jinsi zilivyojifunza, hatua kwa hatua, kugawa mzigo kati ya njia hizo bila ya kupasuka msamba.

Msomaji ana haki ya kuuliza: jarida la walimu wa Kiswahili na nyaya za kompyuta, wapi na wapi? Tunazo sababu mbili.

Ya kwanza ni tukio lililotufika wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo kimoja tulichopata kufundisha, alama za wanafunzi wa mwaka wa mwisho zilikuwa zimehifadhiwa katika kabati la diski lililounganishwa na seva ya chuo. Jumatatu moja asubuhi seva ikasema haioni diski yoyote. Fundi alipofika na kukagua, alitwambia neno ambalo halijatutoka hadi leo: "Data zenu ziko salama kabisa, ila hakuna njia ya kuzifikia." Jambo hili lilitushangaza, kwani tulikuwa tumeambiwa tangu mwanzo kwamba kabati lile lina nyaya mbili, ili mmoja ukikatika mwingine ubaki. Kumbe nyaya zote mbili zilikuwa zimechomekwa katika swichi moja, na swichi yenyewe ndiyo iliyoungua. Kupata nyingine kulichukua siku tatu. Mwanafunzi wetu mmoja alihitaji hati ya matokeo kwa ajili ya usaili wa kazi ya ualimu uliokuwa Jumatano. Hati aliipata Alhamisi.

Sababu ya pili ni lugha. Tumewasikia wanafunzi wakidai kwamba mambo ya namna hii hayasemeki kwa Kiswahili, na kwamba mtu akitaka kuyajadili hana budi ahamie lugha nyingine. Tumeona jibu zuri si kuwakemea, bali kujaribu. Msomaji ndiye atakayeamua kama tumefaulu.

Mkono mmoja, njia moja

Historia yetu inaanzia San Jose, California, mwaka 1956. Mwaka huo kampuni ya IBM ilitangaza mashine iliyoitwa RAMAC, iliyoundwa na kikosi cha wahandisi chini ya Reynold Johnson. Ndiyo kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na hifadhi ya diski. Ilikuwa na sahani 50 zilizopangwa juu kwa juu, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, na kwa jumla ziliweza kuhifadhi herufi milioni 5. Leo picha moja tu iliyopigwa kwa simu inaweza kujaza nafasi hiyo.

Kabla ya hapo data nyingi zilitunzwa katika kadi zenye matundu na katika tepu. Ili kulifikia jambo lililo mwishoni mwa tepu, sharti uipitie yote. Diski iliondoa adha hiyo, maana iliweza kufikia sehemu yoyote bila ya kupitia nyingine. Hata hivyo kulikuwa na mkono wa kusomea uliopanda na kushuka kando ya sahani zile, ukasimama mbele ya sahani inayotakiwa, kisha ukaingia ndani. Maombi yalijipanga foleni, na mkono ukayahudumia moja baada ya jingine. Hapakuwa na suala la kuchagua njia kwa sababu njia ilikuwa moja.

Tatizo la pili lilikuwa kwamba, katika kompyuta nyingi za wakati ule, kichakato kikuu, yaani ile sehemu inayofanya hesabu, kilisimama kusubiri data zipite. Ni kama mwalimu mkuu anayekaa langoni kupokea kila gunia la mahindi ya shule badala ya kuwa darasani. Dawa ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika kompyuta ya IBM 709, iliyotangazwa mwaka 1957, kuliwekwa chombo maalumu cha kusafirishia data. Katika makala haya tutakiita mkondo. Mkondo ulipokea amri, ukaenda kuleta data peke yake, ukarudi kutoa taarifa, na muda wote huo kichakato kikuu kiliendelea na kazi zake.

Swichi ya pili

Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza familia ya kompyuta iliyoitwa System/360. Katika familia hii mkondo ukawa sehemu rasmi ya mpangilio wa mashine. Kulikuwa na mikondo ya aina mbili. Mmoja ulihudumia vifaa vingi vya polepole kwa kuchanganya maombi yao, na mwingine ulihudumia vifaa vya kasi kama diski, kimoja kwa wakati mmoja. Huu wa pili ukishashikwa na diski moja, diski nyingine zote zilizo nyuma yake zilingoja mpaka data zimalize kupita.

Hapo ndipo wazo la njia ya pili lilipopata nguvu. Kati ya mkondo na diski kulikuwa na kidhibiti, yaani chombo kilichoziongoza diski kadhaa. Wahandisi walikifunga kidhibiti swichi ya kukiunganisha na mikondo miwili. Mkondo mmoja ukiwa na shughuli, ombi liliweza kupita kwa mwingine. Mkondo mmoja ukiharibika, diski haikupotea.

Tuangalie vizuri, kwa kuwa hapa pamezaliwa mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni usalama: njia ya pili ipo ili ya kwanza ikifa kazi isisimame. La pili ni kugawa mzigo: njia zote mbili ni nzima, nazo zinatumika pamoja ili kazi iende upesi. Mtu anaweza kuwa na la kwanza bila ya la pili. Tairi la akiba ni usalama, lakini halilisaidii gari kubeba mzigo mkubwa zaidi.

Kukosa mlango kwa sekunde chache

Mwaka 1970 IBM ilitangaza diski ya aina ya 3330. Ilizunguka mara 3,600 kwa dakika, yaani mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ulichukua takribani milisekunde 17. Diski za kizazi hiki zilikuwa na ujanja mpya. Badala ya kuushikilia mkondo muda wote wa kungoja sehemu inayotakiwa ifike chini ya kichwa cha kusomea, diski iliuachia mkondo utumiwe na wengine, kisha ikaomba tena njia pale sehemu ile ilipokaribia kufika.

Ujanja huu uliokoa muda mwingi, ila ulikuwa na kasoro. Kama njia ilikuwa imeshikwa wakati diski inaiomba, sehemu ile ilipita, na diski ikalazimika kuzunguka mzunguko mzima kabla ya kujaribu tena. Anayefika kivukoni dakika moja baada ya kivuko kuondoka anaelewa uchungu wake: amekosa dakika moja tu, lakini atangoja safari nzima. Kilichouma zaidi ni kwamba diski ilitakiwa kurudi kwa njia ileile ombi lilikojia. Hata kama njia ya jirani ilikuwa tupu, haikuruhusiwa kupita.

Suluhisho lilikuja katika miaka ya 1980. Diski za aina ya 3380, zilizotangazwa mwaka 1980, pamoja na mpangilio mpya wa kompyuta uliotangazwa mwaka 1981 kwa jina la System/370-XA, viliibadili desturi hiyo. Kazi ya kuchagua njia iliondolewa katika mfumo wa uendeshaji ikakabidhiwa mashine yenyewe. Kifaa kimoja kiliweza kuwa na njia hadi 8, na diski ikaruhusiwa kurudi kwa njia yoyote iliyo wazi. Tangu hapo uamuzi wa njia haukufanywa tena kwa mazoea ya jana, bali kwa kutazama hali ilivyo wakati wa safari.

Diski moja, majina mawili

Mambo tuliyoyaeleza hadi hapa yalikuwa ya kompyuta kubwa, zile zilizomilikiwa na benki, serikali na mashirika makubwa. Kompyuta ndogo ziliyafikia baadaye, na zikakutana na fumbo ambalo ndilo kiini cha makala haya.

Mwaka 1988 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha andiko lililopendekeza kwamba diski nyingi ndogo na za bei nafuu zifungwe pamoja zifanye kazi kama diski moja kubwa, huku zikitunza taarifa za ziada ili moja ikifa data zisipotee. Mpango huo ulijulikana kwa jina la RAID. Ulipoenea, kufa kwa diski moja hakukuwa tena msiba. Udhaifu ukahamia kwingine: kabati zima la diski linaweza kuwa zima na salama, lakini waya unaolifikia ukakatika. Mambo yaliyotupata Jumatatu ile ndiyo haya hasa.

Mwaka 1994 kiwango cha Fibre Channel kilipitishwa nchini Marekani. Kiliwezesha seva nyingi kuunganishwa na makabati mengi ya diski kwa kupitia swichi, aghalabu kwa nyuzi za kioo. Kuanzia hapo seva ikawa na milango miwili, swichi mbili, na kabati lenye vidhibiti viwili. Kwa hesabu ya kawaida, kama kila mlango wa seva unavifikia vidhibiti vyote viwili, njia zinakuwa nne.

Sasa fikiri seva inapowashwa na kuuliza, "Kuna diski gani huko?" Inauliza kwa njia ya kwanza, inajibiwa: ipo diski moja. Inauliza kwa njia ya pili, inajibiwa: ipo diski moja. Ya tatu na ya nne vilevile. Seva isiyofundishwa inaandika katika orodha yake: diski nne. Katika mfumo wa Linux, kwa mfano, ingezipa majina ya sda, sdb, sdc na sdd. Kumbe diski ni ileile moja, imeonekana kwa milango minne.

Kosa hili si dogo. Msimamizi asiyejua anaweza kuikabidhi sda kwa kazi ya alama za mitihani, na sdb kwa kazi ya maktaba, akidhani ni diski mbili. Kila upande utaandika juu ya maandishi ya mwenzake, na data za wote wawili zitaharibika. Huyu ndiye fisi wetu wa njia panda. Aliona njia mbili akadhani kuna nyama mbili, au hakujua kwamba njia zote mbili huenda zikafika mahali pamoja.

Tiba yake ni utambulisho. Kila diski katika kabati hubeba namba yake ya pekee isiyofanana na ya nyingine yoyote, na namba hiyo haibadiliki kwa kubadilika njia. Programu ya njia nyingi huziuliza diski zote zilizoonekana: "Namba yako ni ipi?" Zile zinazotaja namba moja inaziweka katika kundi moja, inazipa jina moja jipya, na kuanzia hapo programu nyingine zote hulitumia jina hilo tu. Kampuni za kutengeneza makabati zilianza kuuza programu za namna hii katika miaka ya 1990, ikiwemo PowerPath ya EMC. Katika Linux uwezo huo uliingizwa ndani ya kiini cha mfumo mwaka 2005, na ukawa wa bure kwa kila mtu.

Sisi walimu wa lugha tunalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Mwanafunzi anayekuta neno kompyuta katika kitabu kimoja, tarakilishi katika cha pili, na ngamizi katika cha tatu, anaweza kudhani ni mashine tatu. Tumewahi kusahihisha insha iliyozilinganisha kompyuta na tarakilishi kana kwamba ni vitu viwili vinavyoshindana. Mwanafunzi yule hakuwa mjinga. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba milango ni mitatu na nyumba ni moja. Kazi ya mwalimu hapo ni ileile ya programu tuliyoieleza: kutazama kilicho nyuma ya majina, kisha kuyaweka majina katika kundi lake.

Kugawa sawa si kugawa kwa haki

Baada ya seva kujua kwamba njia nne zinafika nyumba moja, swali linalofuata ni kila ombi lipite wapi. Jibu la kwanza na rahisi kuliko yote ni kutumia njia moja na kuziacha nyingine zingoje ajali. Watu wengi walifanya hivyo, na baadhi wanafanya hivyo hadi leo. Jibu la pili ni zamu: hili lipite njia ya kwanza, lile ya pili, kisha turudi mwanzo.

Zamu inapendeza kwa kuwa haihitaji kufikiri. Hata hivyo, katika Linux ya miaka ile zamu ilifanywa kwa namna inayoweza kumshangaza msomaji: kwa kawaida njia moja ilipewa maombi 1,000 mfululizo kabla ya kuhamia njia nyingine. Kwa nini isiwe moja moja? Sababu ni kwamba maombi madogo yanayofuatana huweza kuunganishwa yakawa ombi moja kubwa, na ombi kubwa moja ni nafuu kuliko madogo mengi. Uchaguzi wa njia ulifanyika kabla ya maombi kuunganishwa. Kwa hiyo, kuyatawanya moja moja kungekuwa sawa na kuwapandisha watoto wa familia moja katika mabasi tofauti kisha kutegemea washuke pamoja.

Lakini zamu ina dhana iliyojificha ndani yake: kwamba njia zote ni sawa. Tutoe mfano wa kwetu. Idara ina hati 100 za mtihani na walimu wawili wa kusahihisha. Mmoja husahihisha hati 20 kwa siku, na mwingine, mwenye kazi nyingine nyingi, husahihisha 5. Tukigawa nusu kwa nusu, wa kwanza atamaliza baada ya siku mbili na nusu, na wa pili baada ya siku 10. Matokeo hayatoki mpaka hati zote zimalizike, kwa hiyo wanafunzi watangoja siku 10. Tukigawa kwa uwezo, wa kwanza 80 na wa pili 20, wote wawili watamaliza siku ya nne. Mgao wa kwanza ulikuwa sawa kwa hesabu, ila ulimlemea mmoja, ukamwacha mwingine amekaa bure, na ukawachelewesha wote.

Njia za hifadhi nazo hazikuwa sawa. Katika makabati mengi ya bei ya wastani kila diski ilikuwa chini ya kidhibiti kimoja kati ya viwili. Ombi lililopita kwa kidhibiti kisicho mwenyewe ama lilizungushwa ndani ya kabati kwa gharama ya muda, ama lilisababisha diski ihamishwe kutoka kidhibiti kimoja hadi kingine. Seva mbili zikitumia diski moja, kila moja kwa kidhibiti chake, diski ilivutwa huku na huku bila ya kupumzika, na kazi yenyewe isifanyike. Wapiganapo fahari wawili, nyasi ndizo huumia. Mwaka 2005 kiwango cha mawasiliano ya diski za SCSI kiliingiza utaratibu ambao kabati huieleza seva: njia hizi ni bora, na zile zitumie ukikosa. Hapo seva haikubahatisha tena.

Mwaka 2009, katika toleo la 2.6.31 la kiini cha Linux, yaliingia mambo mawili makubwa. Kwanza, uchaguzi wa njia ulisogezwa ukawa baada ya maombi kuunganishwa, kwa hiyo haja ya kutoa maombi 1,000 kwa mkupuo ikaondoka. Pili, zililetwa kanuni mbili mpya za kuchagua njia. Kanuni moja hutazama foleni: ombi jipya huenda kwenye njia yenye maombi machache yanayongoja. Nyingine hutazama muda wa huduma: hupima ukubwa wa mzigo uliopo njiani ukilinganisha na uwezo wa njia, kisha huchagua ile inayotarajiwa kumaliza mapema. Njia iliyozorota kwa sababu yoyote ile, foleni yake hurefuka, na maombi mapya huiepuka bila ya mtu kutoa amri. Yule mwalimu wa hati 5 hapewi rundo la hati 50 mezani. Anachukua nyingine anapomaliza alizo nazo, na haaibiki.

Malaba, Busia na Mutukula

Turudi kwenye swichi iliyoungua, maana hata kanuni bora ya kugawa mzigo isingalitusaidia siku ile. Sisi tunaoishi katika nchi isiyo na bahari tunao mfano ulio wazi kuliko wa kompyuta.

Bidhaa zinazotoka bandari ya Mombasa huingia Uganda hasa kwa malango mawili, Malaba na Busia. Anayetazama ramani ya mpaka peke yake atasema tuna njia mbili, na lango moja likifungwa tutapita lingine. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007, vurugu zilizuka. Mwanzoni mwa mwaka 2008 barabara zilifungwa katika Bonde la Ufa, na reli iling'olewa huko Kibera. Mafuta yakaadimika Uganda, bei zikapanda, na magari yakapanga foleni katika vituo. Malaba ilikuwapo na Busia ilikuwapo, lakini lori zielekeazo huku na zielekeazo kule zote hutangulia kupita Nakuru. Njia zetu mbili zilikuwa njia moja hadi zilipoachana, na kizuizi kilikuwa kabla ya kuachana.

Njia ya pili ya kweli ilikuwa ile inayotoka Dar es Salaam na kuingia Mutukula. Ni ndefu zaidi, na kwa siku za kawaida mfanyabiashara huiona ghali. Lakini haina daraja wala mji inaoshiriki na ile ya Mombasa mpaka ikishafika ndani ya Uganda.

Wajenzi wa mifumo ya hifadhi hulizingatia jambo hili kwa kanuni moja: njia mbili zisikutane popote kati ya seva na kabati. Milango miwili ya seva iwe katika kadi mbili. Kila kadi iende kwenye swichi yake, na swichi hizo zisiunganishwe. Kila swichi iende kwenye kidhibiti chake, na umeme wa upande mmoja usitoke katika soketi moja na wa upande wa pili. Anayekagua hahesabu nyaya. Hufuata kila njia kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta mahali zinapokutana. Laiti mmoja wetu angalifuata nyaya zile mbili kwa kidole hadi nyuma ya rafu, asingalihitaji shahada ya kompyuta kuona kwamba zote zimeishia katika sanduku moja.

Safari iliyoanza upya

Tungedhani kwamba somo likishafunzwa halifunzwi tena. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 2011 kilitolewa kiwango kipya cha NVMe kwa ajili ya hifadhi zisizo na sahani zinazozunguka, zenye kasi kubwa mno kuliko diski za zamani. Ilipohitajika kuzifikia hifadhi hizo kwa njia nyingi, Linux iliandikiwa utaratibu mpya kabisa, ulioingia katika toleo la 4.15 mwezi Januari 2018. Mwanzoni haukuwa na kanuni ya kutazama foleni. Zamu iliongezwa mwaka 2019, na kanuni ya kutazama urefu wa foleni ikaja mwaka 2024. Safari ileile ya kutoka njia moja, kwenda zamu, kwenda kutazama hali ya njia, ilitembewa upya mbele ya macho yetu.

Hitimisho

Kutokana na historia hii tunajifunza kwamba kuwa na njia nyingi si mwisho wa kazi. Kwanza, lazima awepo anayejua kwamba njia hizo zinafika nyumba moja. Pili, mzigo ugawanywe kwa kutazama hali ya kila njia, si kwa kuhesabu vichwa. Tatu, njia zifuatwe hadi mwisho ili ijulikane zinakutana wapi. Fisi hakushindwa kwa sababu njia zilikuwa mbili, bali kwa sababu hakujua lolote kati ya hayo.

Kwa walimu wenzetu tuna pendekezo. Waulizeni mafundi wa vyuo vyenu alama za wanafunzi zimehifadhiwa wapi, zinafikiwa kwa njia ngapi, na njia hizo zinakutana wapi. Swali hili laweza kuulizwa kwa Kiswahili chepesi, na fundi mwema hatalichukia.

Kwa wanafunzi tunaacha zoezi. Katika makala haya tumetumia mkondo, kidhibiti, kabati la diski, zamu, foleni, mlango na muda wa huduma. Mengi kati ya maneno haya hayakubuniwa kwa ajili ya kompyuta. Yalikuwa sokoni, njiani, mtoni na nyumbani kabla ya kompyuta kufika kwetu. Chagueni matano, andikeni maana yake ya zamani na maana liliyoibeba hapa, kisha semeni kama neno hilo limeubeba mzigo wake vizuri au limelemewa. Pale lilipolemewa, tuleteeni bora zaidi.